Mnadai Kilichoandikwa, au Mnataka Kiandikwe?

Kikao cha kwanza cha majadiliano nilichohudhuria nikiwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi kilifanyika katika kiwanda kimoja Dar es Salaam, ndani ya chumba cha mikutano ambacho wengi wetu hatukuwahi kuingia. Sisi watano tulikaa upande wa dirishani, menejimenti wanne upande wa mlango. Tulikuwa na karatasi moja yenye madai kumi na moja. Dai la kwanza lilikuwa nyongeza ya mshahara. La nne lilikuwa ovataimu ya zamu ya usiku, ambayo watu walikuwa hawajalipwa kwa miezi mitatu. Meneja rasilimali watu aliisoma karatasi taratibu, kisha akasema kwa upole: hilo la nne tunaweza kulitazama, ninyi mkilegeza kidogo hilo la kwanza.

Tulitoka pale tumefurahi, tukipeana mikono, tukiona mambo yameanza vizuri. Ilipita miezi kabla sijaelewa kwamba siku ile tulikuwa tunauziwa mali yetu wenyewe.

Ovataimu ile haikuwa ombi. Watu walishaifanya kazi, na kadi za mahudhurio zilikuwepo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka saa za ziada zilipwe si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Hapakuwa na la kujadili zaidi ya kupiga hesabu na kulipa. Nyongeza ya mshahara ni habari nyingine kabisa. Mwajiri akishalipa kima cha chini kilichotangazwa na serikali na kile kilichomo kwenye mikataba, hakuna kifungu kinachomlazimisha kuongeza hata shilingi moja. Nyongeza inapatikana kwa kushawishi, kwa kuonyesha takwimu na kwa kubanana. Tulipoyaandika yote mawili kwenye karatasi moja, tulimpa mwajiri nafasi ya kulipa deni lake huku akihesabiwa kwamba ametoa zawadi.

Kwa hiyo kabla tawi halijaandika barua yoyote kwa menejimenti, kuna swali la kujiuliza: tunadai kilichokwisha kuandikwa, au tunataka kiandikwe kipya? Karibu kila kinachowachanganya watu kuhusu migogoro ya kazi Tanzania Bara kinanyooka ukilishika swali hilo. (Zanzibar ina sheria zake za kazi, kwa hiyo ninachoeleza hapa ni cha Bara.)

Sheria yenyewe inatenganisha mambo haya mawili kwa majina. La kwanza inaliita malalamiko, yaani ubishi unaotokana na tafsiri au utekelezaji wa sheria, wa mkataba wa mtu binafsi, au wa mkataba uliosainiwa na chama. Mshahara uliocheleweshwa ni malalamiko. Likizo iliyonyimwa, mtu aliyeachishwa kazi bila sababu, makato yasiyoeleweka, vyote vimo humo. La pili linaitwa mgogoro wa maslahi: wafanyakazi wanataka kitu ambacho bado si haki yao, ila wanataka kiwe. Posho ya usafiri ambayo haijawahi kuwepo, bima ya afya ya familia, asilimia fulani ya nyongeza.

Njia za mambo haya mawili zinaanzia mlango mmoja. Yakishindikana kazini, yote hupelekwa kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo watu wote wa viwandani wanaiita CMA, na yote huanza kwa msuluhishi. Baada ya hapo njia zinaachana. Malalamiko yasiyosuluhishwa huenda kwa mwamuzi, anayesikiliza ushahidi kama inavyofanyika mahakamani na kutoa tuzo, yaani uamuzi wake, na mengine huenda Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi. Kugoma kwa sababu ya malalamiko hakuruhusiwi. Mgogoro wa maslahi usiosuluhishwa ndio pekee unaoweza kuzaa mgomo halali.

Wafanyakazi wengi wanaposikia hivyo huona wameonewa. Nimeulizwa mara nyingi: inakuwaje nisiweze kugoma kwa kudai mshahara wangu nilioufanyia kazi, lakini niweze kugoma kwa kudai nyongeza ambayo sijaahidiwa? Inaonekana kama sheria imekaa kichwa chini miguu juu. Lakini tazama mwamuzi anaweza nini. Akipewa mkataba wako na hati yako ya mshahara, anaweza kusoma na kusema nani amekosea na kiasi gani kilipwe. Sasa mwulize kama nyongeza ya haki mwaka huu ni asilimia 6 au 14. Hana kitabu cha kusoma. Jibu la swali hilo linatokana na nguvu za pande mbili: kiwanda kinauza kiasi gani, mafundi wanapatikana kwa urahisi kiasi gani, bei ya unga imepanda vipi, na nani anaweza kuvumilia siku nyingi zaidi bila uzalishaji au bila mshahara. Palipo na jaji, sheria inakuambia nenda kwa jaji. Pasipo na jaji, inakuachia nguvu yako, baada ya kukulazimisha kwanza ukae na kuzungumza.

Kuzungumza huko kuna masharti yake, na la kwanza ni chama kutambuliwa. Kuunda chama cha wafanyakazi kunahitaji mkutano wa watu wasiopungua 20, ingawa mara nyingi watu hujiunga tu na chama kilichopo kwenye sekta yao: TUICO kwa viwanda, biashara na fedha, TAMICO kwa migodi, CHODAWU kwa hoteli na kazi za majumbani, CWT kwa walimu, na vinginevyo vilivyo chini ya TUCTA, shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Kuwa na wanachama kazini kunawapa haki ya kuwa na wawakilishi: mmoja pale penye wanachama wasiozidi 9, watatu kwa wanachama 10 hadi 20, kumi kwa wanachama 21 hadi 100, na kumi na watano kwa zaidi ya hapo. Hao ndio wanaomsindikiza mtu kwenye kikao cha nidhamu. Lakini kujadili mishahara kwa niaba ya wote ni haki ya chama chenye wanachama zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa kundi linalojadiliwa. Kikishafika hapo kinatoa taarifa, na mwajiri ana siku 30 za kukutana nacho ili wafikie makubaliano ya kukitambua. Akikataa, suala linakwenda CMA, na likikwama huko, Mahakama ya Kazi inaamua.

Hapa ndipo matawi mengi yanapofia. Viongozi wanaandika barua ya madai wakati fomu za uanachama zilizojazwa hazifiki nusu, au zimefika lakini nyingine ni za watu walioondoka mwaka jana. Menejimenti yenye mwanasheria mzuri haibishani na madai. Inaomba orodha ya wanachama, na mazungumzo yanakwama hapo hapo kwa miezi mitano. Nawasihi wenzangu wa matawini: fomu kwanza, barua baadaye.

Chama kikishatambuliwa, mwajiri analazimika kujadili kwa nia njema. Maneno hayo yanasikika kama mapambo, lakini yana uzito. Hawezi kupita nyuma ya chama akamwita mfanyakazi mmoja mmoja kumwahidi nyongeza. Na ana wajibu wa kutoa taarifa zinazohitajika ili majadiliano yawe na maana, isipokuwa zile za siri ambazo zikitoka zitamdhuru kweli, au za binafsi za mfanyakazi fulani. Mwajiri akisema kampuni inapata hasara, chama kina msingi wa kusema: tuonyeshe. Kwa uzoefu wangu, haki hii ni kubwa kuliko zote zilizomo kwenye sheria ile na ndiyo inayotumiwa kidogo kuliko zote. Tunaingia vikaoni na hasira pamoja na bei ya mchele, wenzetu wanaingia na vitabu vya hesabu. Chama kinachomlipa mhasibu kwa siku mbili kabla ya kikao kinapata zaidi ya chama kinachotengeneza fulana za Mei Mosi.

Makubaliano yakifikiwa yanaandikwa na kusainiwa, na karatasi hiyo ndiyo tunayoiita mkataba wa hali bora. Unafunga pande zote tangu saini ya mwisho, labda wenyewe waseme vinginevyo, unawahusu hata wale wa kundi hilo ambao si wanachama, na nakala yake hupelekwa kwa Kamishna wa Kazi. Kwa sababu wasio wanachama nao wanafaidika, sheria inaruhusu chama kilichotambuliwa kukubaliana na mwajiri kwamba nao wakatwe ada ya uwakala. Makato hayo huzua maneno makali kwenye kantini kila mwisho wa mwezi, na kusema kweli lawama huwa za chama kuliko za sheria: mtu asiyewahi kumwona kiongozi wa tawi tangu aajiriwe hawezi kufurahia kukatwa ada kwa ajili yake.

Ona sasa kilichotokea. Siku ile saini inawekwa, maslahi yamegeuka kuwa haki. Posho ya usafiri iliyokuwa ndoto mwezi uliopita sasa imeandikwa, na mwajiri akiacha kuilipa, hayo ni malalamiko. Huwezi tena kugoma kwa ajili yake, bali unakwenda CMA na mkataba mkononi. Ndiyo sababu lugha ya mkataba wa hali bora inastahili kubishaniwa neno kwa neno. Kifungu kinachosema mwajiri “atajitahidi kutoa usafiri” hakimpi mwamuzi cha kushika. Kinachosema “mwajiri atalipa shilingi kadhaa kwa kila siku ya kazi” kinampa kila kitu.

Kwa nini basi ustadi huu ni mchanga hapa kwetu, wakati makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma tangu 1939 na tena 1947? Sehemu ya jibu ni historia. Mwaka 1955 ilianzishwa TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi Tanganyika, Rashidi Kawawa akiwa katibu mkuu wake, na katika miaka ile vyama vilijadiliana na waajiri ana kwa ana, vikigoma inapobidi. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964 TFL ilivunjwa, ikaundwa NUTA, chama kimoja kwa sheria, chini ya Michael Kamaliza ambaye papo hapo alikuwa Waziri wa Kazi. Mwaka 1978 ikaja JUWATA, nayo ikiwa jumuiya ya chama tawala. Kwa karibu miaka 30 mambo makubwa ya mishahara yaliamuliwa juu na kushushwa chini. Wafanyakazi hawakuacha kupambana, kama yalivyoonyesha matukio ya viwandani baada ya Mwongozo wa TANU wa 1971, watu walipoweka zana chini kwa sababu ya kutukanwa na mameneja. Lakini ule ujuzi wa kukaa mezani, kusoma hesabu za kampuni na kuandika kifungu kisicho na tundu, ulikosa mahali pa kukomalia. Sheria za 2004 zilirudisha meza. Waliojua kuikalia walikuwa wamestaafu.

Turudi CMA. Unajaza Fomu Namba 1, unampa mwajiri nakala, unaipeleka Tume. Huduma haina malipo. Msuluhishi ana siku 30 tangu suala lilipofikishwa, labda pande zote zikubali kwa maandishi kuongeza. Kazi yake si kuamua. Anawakalisha pamoja, kisha mara nyingi anazungumza na kila upande peke yake, anauliza kila mmoja anaweza kuishi na nini. Yanayosemwa humo ni siri na hayawezi kutumika baadaye kama ushahidi. Hilo linawaruhusu watu kusema ambayo hawangethubutu kuyasema mbele ya wenzao: kwamba mwajiri kweli anaweza asilimia 9, kwamba wafanyakazi kweli watakubali 8.

Kutohudhuria kuna gharama. Kwenye malalamiko, aliyeleta shauri asipotokea linaweza kufutwa, na mwajiri asipotokea msuluhishi anaweza kulitolea uamuzi bila yeye. Kwenye mgogoro wa maslahi, chama kisipohudhuria muda wa usuluhishi unaweza kuongezwa siku nyingine 30, maana yake mgomo unasogezwa mbele. Mwajiri akikimbia, muda unaweza kufupishwa.

Na siku hazisubiri. Aliyeachishwa kazi ana siku 30 tu za kufika CMA. Malalamiko mengine yana siku 60 tangu yalipozuka. Ukichelewa unaomba kuongezewa muda kwa fomu ya pili, na unapaswa kueleza sababu ya maana. Kila tawi lina mtu aliyeachishwa, akaambiwa na bosi “subiri tutakuita tuongee”, akasubiri mwezi na nusu nyumbani kwa heshima, na heshima hiyo ikamponza.

Ikiwa siku 30 za usuluhishi wa mgogoro wa maslahi zimekwisha bila mwafaka, chama kinaweza kupiga kura ya mgomo kwa mujibu wa katiba yake. Wengi wa waliopiga kura wakikubali, mwajiri anapewa notisi ya saa 48. Mgomo wa namna hiyo ni ngao kamili: si kuvunja mkataba, huwezi kufukuzwa kwa kushiriki, na mwajiri haruhusiwi kuleta vibarua wa kujaza nafasi zenu. Ila halazimiki kuwalipa kwa siku ambazo hamkufanya kazi, na ninyi hamruhusiwi kumfungia ndani wala kumzuia kuingia. Mwajiri naye ana silaha kama hiyo, kuwafungia wafanyakazi nje, kwa masharti yanayolingana. Wa maji, umeme, afya, zimamoto na uongozaji wa ndege wako kwenye huduma muhimu na kwa kawaida hawagomi. Mgogoro wao wa maslahi unaishia kwa mwamuzi. Watumishi wa umma wana sheria ya ziada ya mwaka 2003 kuhusu majadiliano, yenye masharti yake.

Walimu walijifunza uzito wa masharti haya mwaka 2012. Mgomo ulioitishwa na CWT ulianza Jumatatu tarehe 30 Julai, nyongeza ya mshahara ya asilimia 100 ikiwa kati ya madai makuu. Tarehe 2 Agosti, siku ya nne, Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi ilitamka kwamba si halali na walimu wakaagizwa kurudi madarasani. Mtu anaweza kuunga mkono madai yote ya walimu, nami ni mmoja wa waliokuwa wanayaunga mkono, na bado akaona kilichotokea: ndani ya siku nne mazungumzo ya nchi yalihama kutoka mwalimu anaishije, yakawa mgomo ni halali au si halali.

Kenya inatoa mfano mwingine, wa swali langu likigeuka kuwa uwanja wenyewe wa vita. Juni 2013 chama cha madaktari, KMPDU, kilisaini mkataba wa pamoja na Wizara ya Afya, wenye nyongeza kubwa ya mishahara. Haukutekelezwa. Madaktari walisema: tunadai kilichoandikwa. Serikali ikajibu kwamba mkataba haukuwahi kusajiliwa mahakamani, na kwa sheria ya Kenya ya 2007 mkataba wa pamoja unapata nguvu unaposajiliwa, kwa hiyo bado ni jambo la kujadiliwa. Karatasi ileile moja, upande mmoja unaisoma kama haki, mwingine kama ombi. Mgomo ulianza tarehe 5 Desemba 2016. Februari 2017 viongozi saba wa chama walifungwa kwa kudharau amri ya mahakama, wakaachiwa baada ya siku mbili ili mazungumzo yaendelee. Mgomo ulikwisha Machi 14, baada ya siku 100 ambazo wagonjwa wa hospitali za umma hawatazisahau. Na 2024 madaktari waligoma tena kwa siku 56, kati ya hoja zao ikiwemo utekelezaji wa makubaliano yaliyofuata mgomo ule. Ninapowaambia vijana wa tawini kwamba siku ya saini kazi bado, huwa nafikiria ile stempu iliyokosekana Nairobi.

Kwetu kiwandani, tuliendelea kubeba ovataimu na nyongeza kwenye karatasi moja kuanzia Mei hadi Septemba. Vikao sita. Kila tulipokaribia kukubaliana asilimia, ovataimu ilirudishwa mezani kama kitu ambacho “tayari tumewapa”. Aliyetutoa gizani ni mzee mmoja ofisa wa kanda wa chama, aliyefika kikao cha saba, akasoma ile karatasi yetu, akaikunja katikati na kuichana kwenye mstari wa dai la nne. Akatuuliza kwa utulivu: wanangu, hii mmeanza kudai lini?

Tulipohesabu, siku 60 zilikuwa zimepita kitambo kwa miezi yote mitatu. Tukajaza fomu ya kuomba muda pamoja na Fomu Namba 1. Mwajiri alipinga. Msuluhishi alituita pembeni, akatueleza bila kutupamba kwamba maombi ya muda yanaweza kukubaliwa au kukataliwa, na kwamba kuzungumza na mwajiri peke yake si sababu ya kuitegemea sana. Tukasuluhishana kwa nusu. Mafundi 43 wa zamu ya usiku walilipwa nusu ya jasho lao, kwa awamu mbili.

Nyongeza, iliyobaki peke yake kwenye karatasi, ilimalizika kwenye kikao cha nane. Ilikuwa ndogo kuliko tulivyotaka na kubwa kuliko walivyoanza nayo. Kwenye mkataba wa hali bora tuliosaini Novemba, kifungu cha ovataimu kinasema italipwa pamoja na mshahara wa mwezi uleule ilipofanyika. Mzee yule alitulazimisha kuandika pia tarehe.